Usifute

3 Oktoba

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: katika nyumba hii hakuna mwingine anayesoma Kiswahili kwa hiari yake. Wifi yangu Faiza husoma kila karatasi anayoikuta, hata risiti za watu, lakini akikutana na Kiswahili huirudisha mahali pake kana kwamba imemuuma. Basi hapa niko salama, na nitasema ninavyotaka.

Na leo ninayo ya kusema. Mdogo wangu Liban, mumewe Faiza, anafungua kafe karibu na maofisi ya kaunti. Amenijia baada ya sala ya alasiri na lile tabasamu lake la mtu aliyekwisha kuamua, akasema anazihitaji santuri za Aabo, baba yetu. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani anataka kuzicheza. Kumbe anataka kuzitundika ukutani kwa misumari!

"Ni mapambo, abaayo, dada yangu. Nairobi kafe zote ziko hivyo siku hizi."

Marehemu Aabo alikuwa na hoteli ya chai hapa Garissa tangu kabla sijazaliwa mpaka nilipokuwa darasa la tatu. Umeme haukuwepo, ila alikuwa na betri ya gari, na betri hiyo ndiyo iliyoendesha gramafoni. Watu walikuja kwa ajili ya muziki, chai ilikuwa kisingizio. Hoteli ilipofungwa gramafoni iliuzwa, santuri zikaingia kwenye sanduku la bati, sanduku likaingia chumbani kwa Hooyo, mama yetu, na liko huko mpaka leo.

Humo mna sahani moja ndogo, yenye lebo ya kijani iliyoliwa na mende mpaka haisomeki. Hiyo ni ya Mulki, habaryar yangu, mdogo wake Hooyo. Alikwenda Nairobi akaimba wimbo mmoja, akarudi, na mwaka uliofuata homa ikamchukua. Mimi sikumkuta, wala wimbo wake sikuwahi kuusikia, maana Aabo hakuucheza tena hotelini baada ya msiba. Hakuacha mtoto, hakupigwa picha hata moja. Kilichobaki ni sahani hiyo. Ramadhani iliyopita, tukiwa tumekaa tunangoja adhana, Hooyo alisema, "Nataka nimsikie Mulki mara moja kabla masikio yangu hayajaziba." Hooyo si mtu wa kuomba vitu. Nikamwahidi.

Sasa Liban anataka kumpigilia msumari.

4 Oktoba

Nimekataa. Liban amenuna. Faiza amenuna kwa niaba yake.

6 Oktoba

Joto la leo ni la kukaangia mayai. Nimelifungua sanduku nikakuta sahani zimelazwa, moja juu ya nyingine, kama chapati. Zikilaliana hivyo, za chini hupinda kwa uzito, na joto la mji huu humalizia kazi. Nimezisimamisha wima kama vitabu na kuzibadilishia karatasi za ndani zilizooza. Kila moja niliishika ukingoni na kwenye lebo tu, kiganja hakikugusa uso.

Nyingi zimefunikwa na kitu cha kijivu. Sikukigusa. Sheria ya Aabo naijua tangu sijui kusoma: usifute! Wahudumu wake walikuwa watu wa bara na Wapokomo, kwa hiyo aliwagombeza kwa Kiswahili, siku nzima, kutoka nyuma ya birika. "Wewe! Usifute!" Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu. Miaka yote hiyo hakuna aliyezigusa kwa kitambaa, na mimi ndiye niliyesimamia. Hata Hooyo nilimkataza.

Sisimizi wameingia sandukuni, msururu mzima kutoka dirishani. Nimewafagia. Wanatafuta nini kwenye muziki?

9 Oktoba

Insha za kidato cha tatu. Kijana mmoja, tena mwerevu, ameandika kwamba punda "alifuta mkokoteni mpaka sokoni". Nimemwita mbele. "Punda huyo alitumia kitambaa gani?" Darasa zima likacheka, yeye hakuelewa. Tatizo ni lile lile la kila mwaka: ndimi zetu za Kisomali hazina V wala P, kwa hiyo wanafuta kamba, wanafuta pumzi, wanafuta sigara. Miaka ishirini napigana na herufi hizi. Nimewaandikisha "vuta" mara hamsini kila mmoja. Wengine wameandika "futa" mara hamsini.

13 Oktoba

Siwezi kushika kalamu vizuri kwa hasira.

Liban amechukua santuri kumi bila ruhusa, eti "sampuli" za kumwonyesha fundi wa rangi. Akaziacha kwenye kiti cha mbele cha pikapu, madirisha yamefungwa, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hapa! Garissa! Mtu aliyezaliwa hapa, anayejua kwamba ukiacha hata kandambili juani utaikuta imekunjamana! Zimerudi zimejikunja kingo kama bakuli. Mojawapo, wallahi, ungeweza kulia mchuzi.

Nilipomuuliza akasema, "Si ukutani zitapendeza hivyo hivyo?"

Nimeitafuta ya Mulki. Haikuwemo katika zile kumi. Iko sandukuni, alhamdulillahi, na kijivu chake.

14 Oktoba

Sisimizi tena.

17 Oktoba

Hooyo amekata maneno, maana tulikuwa tunapigiana kelele juu ya kichwa chake. "Aletwe mtu anayejua," alisema. "Atakazosema mbovu, Liban achukue. Nzima zibaki na mimi." Nikamwambia, Hooyo, na ya Mulki je? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua litachomoza. "Ya Mulki ni nzima."

Liban anamjua kijana wa Eastleigh, anaitwa Mustafe, ambaye kazi yake ni kununua na kukagua santuri. Ndiye pia atakayefunga spika za kafe. Haya.

Faiza amechoma uunsi chumbani kwa Hooyo tena. Kila jioni, bila kukosa, ule ubani wake wa kupikwa kwa sukari na manukato, moshi mzito mpaka mapazia yananata. Nimekohoa. Nikamwambia afungue dirisha, akasema harufu itatoka. Nikasema ndiyo maana ya dirisha. Hatusemezani.

21 Oktoba

Mustafe amekuja. Kijana mwembamba, glavu nyeupe, tochi ndogo, na Kisomali cha kusalimia tu. Hooyo alipomjulia hali ya ukoo wake mpaka babu wa saba, kijana alibaki akitabasamu.

Niseme ukweli, mwanzoni alinifurahisha. Hakuangalia santuri kwa kuitumbulia macho kutoka juu, aliulaza mwanga wa tochi ubavuni mwake na kuizungusha polepole, na hapo ndipo mikwaruzo ilipojitokeza, ambayo mimi sikuwahi kuiona. Alitazama tundu la katikati: likizungukwa na vijistari vya mchubuko, ujue sahani iliwekwa mara nyingi na mtu asiyelenga. Alipitisha kidole ukingoni kutafuta ufa. Alinusa bahasha kama ina kuvu. Mkwaruzo ambao kidole kinauhisi, alisema, sindano itaugonga. Ule unaoonekana tu, mara nyingi hausikiki. Nilijikuta nimesogea karibu kama mwanafunzi.

Akazipanga mafungu mawili. "Hii fiti. Hii fiti. Hii imedead." Fungu la maiti likazidi kukua, na Liban akazidi kutabasamu.

Kisha akaichukua ya Mulki. Tochi, mzunguko mmoja. Hata hakumaliza wa pili.

"Hii imeisha, madam. Cheki hiyo grei. Mitaro imelika yote."

"Icheze basi tusikie," nikasema. "Mashine yako si iko kwenye gari?"

"Zii. Sindano yangu ni ya maana sana. Nikiiweka kwa sahani kama hii nitaiua."

Nikamwambia, kijana, wewe ni daktari gani unayeandika cheti cha kifo kutoka mlangoni? Akacheka, akadhani natania. Hooyo akaniuliza kasema nini. Nilishindwa kutafsiri. Liban ndiye aliyetafsiri, tena kwa haraka, na akaongeza, "Tulikubaliana, Hooyo."

Hooyo aliinyooshea mkono sahani. Mustafe akampa, naye akairudisha kwenye karatasi yake mwenyewe na kuiweka magotini.

Nimemshika Liban pembeni ya ua. Nimemwambia achukue zote, aning'inize hata masufuria akitaka, lakini ile asiiguse mpaka nipate mashine nyingine. Amesema sawa. Amesema wallahi. Nimeyaandika hapa ili nisije nikaambiwa niliota.

29 Oktoba

Mawingu kutoka upande wa Liboi, lakini ni ya kututania tu. Nimepangiwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne Hagadera, kule kwenye kambi za Dadaab. Nimemwambia Faiza sanduku lisisogezwe karibu na dirisha. Amesema "haya" ile ya kumaanisha hapana.

3 Novemba

Hagadera. Mtihani wa kwanza umekwenda salama. Watahiniwa wanasalimia kwa adabu kuliko wangu.

6 Novemba

Mvua! Imeanza saa sita mchana, katikati ya karatasi ya Hesabu, kwenye mabati, kelele mpaka sikujisikia nikisema muda umekwisha. Watoto walitamani kukimbilia nje. Mimi pia.

7 Novemba

Mvua.

8 Novemba

Mvua. Mikokoteni ya punda imezama mpaka ekseli. Nimemwona mwenye punda akivuta yeye huku punda anamwangalia.

11 Novemba

Barabara ya Garissa imekatika. Hakuna anayejua itafunguka lini.

Nimezunguka soko lote nikitafuta gramafoni. Mafundi redio wamenichoka. Mmoja alinionyesha kinanda, mwingine akanionyesha kichwa cha cherehani, akasema hicho nacho kina sindano. Nilitaka kumchoma nayo. Nimeambiwa kwamba nyimbo zote siku hizi ziko kwenye simu. Nikasema ya Mulki haiko. Nimeambiwa basi hajulikani huyo. Ndiyo, hajulikani! Hilo ndilo ninalolisema tangu mwezi uliopita!

14 Novemba

Nimempata Hooyo kwenye simu, sauti inakuja na kupotea. Nimemuuliza nyumba ikoje. Kasema kila kitu kiko sawa. Hooyo husema hivyo hata paa likimwangukia.

18 Novemba

Leo sitaandika kwa ufupi.

Wakati wa mapumziko nilifungua simu, mtandao ukarudi kidogo, na kitu cha kwanza kilichoingia ni picha alizoweka Liban kwenye WhatsApp. Kafe. Meza mpya, viti vya plastiki vya rangi ya machungwa, mashine ya kahawa inayong'aa kama gari la wagonjwa. Na ukuta. Ukuta mzima, kutoka kona hadi kona, santuri za Aabo. Kila moja imepitishwa skrubu katikati ya tundu na kubanwa na kifungo cha mbao.

Niliikuza picha kwa vidole viwili. Juu ya mashine ya kahawa, pale panapotoka mvuke, iko sahani ndogo ya kijivu. Lebo ya kijani, imeliwa na mende.

Nilisimama. Walimu wenzangu waliniuliza nimefiwa. Nikasema ndiyo.

Mtu ameapa. Amesema wallahi, mbele yangu, uani, mkono kifuani. Kisha kangoja barabara ikatike! Sikuwahi kumwona ndugu yangu kuwa mtu mbaya. Mvivu wa kufikiri, ndiyo. Mpenda vya Nairobi, ndiyo. Lakini leo nimemwona mtu anayeweza kumchukua marehemu asiye na kaburi linalojulikana, asiye na picha, asiye na mtoto wa kumwita jina, akamweka juu ya mashine ya kahawa apigwe mvuke ili watu wapate cha kutazama wakingoja maziwa. Na Hooyo je? Aliichukuaje kutoka kwa Hooyo? Alimpokonya? Au alisubiri ameenda kuoga? Nimempigia mara tisa. Mara ya tisa akapokea mwingine, mwanamume, akasema yeye ni Komora, fundi wa rangi, na bosi ameacha simu kwenye ngazi.

Nikamwambia, "Mwambie bosi wako kwamba dada yake anakuja."

"Barabara imekatika, mama," akasema kwa upole.

Hata fundi wa rangi anajua imekatika.

19 Novemba

Sina la kuandika ambalo sitalijutia.

24 Novemba

Barabara imefunguka. Nimefika nyumbani adhuhuri, matope mpaka magotini.

Nilikuwa na hotuba. Nimeipanga njia nzima, ina utangulizi na hitimisho. Nikaingia chumbani kwa Hooyo na hotuba yangu ikaniishia mdomoni. Paa la ule upande wa dirisha halipo. Lilifumuka usiku wa pili wa mvua. Ukuta una mstari wa maji kwenye usawa wa paja, godoro limetupwa nje, na mahali lilipokuwa sanduku pana matope na kutu. Hooyo alikuwa amekaa sebuleni kwa Faiza, miguu juu ya mto, anakunywa shaah.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungekuja kwa kuogelea?"

Liban ndiye aliyembeba Hooyo mgongoni. Kisha akarudi kwenye maji kulitoa sanduku. Faiza alishika upande wa pili, na mguu wake ulikatwa na bati, bado umefungwa bandeji. Wakazipeleka santuri kafe kwa sababu kafe ndipo peke yake penye paa jipya. Ya Mulki ilikuwa mikononi mwa Hooyo wakati wote, naye ndiye aliyempa Liban. "Nilimwambia aitie mahali pa juu, pakavu," alisema. "Akaitia juu."

Basi nikabaki na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Faiza akaniletea maji ya kunawa miguu. Nikasema ahsante. Ilitoka kwa shida lakini ilitoka.

Hata hivyo, mvuke! Mtu yeyote mwenye akili anaona mvuke!

25 Novemba

Tumekwenda kafe, mimi na Hooyo, baada ya sala ya alasiri. Naandika sasa jua halijazama, mikono bado ina harufu ya uunsi, na sababu yake nitaisema.

Liban alikuwa kaunta, Mustafe chini anaunganisha nyaya, gramafoni yake tayari iko mezani kwa ajili ya ufunguzi. Komora alikuwa ngazini akisafisha rafu kwa kitambaa na ndoo ya maji. Liban aliponiona alisogea nyuma ya mashine. Nikaanza, "Wewe uliniapia," akaanza, "Abaayo, yale maji hukuyaona," nikasema nimeyaona, ndiyo maana sijakurushia kiti, lakini uliitoa kwenye mafuriko ukaiweka kwenye birika! Mustafe akaingilia kwamba madam, hiyo sahani si imedead kitambo? Hapo nikawageukia wote wawili.

Hooyo hakutusikiliza. Alisogea mpaka chini ya ngazi, akainua fimbo yake kuielekezea lebo ya kijani, na kumwamrisha Komora kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe kijana! Hiyo ya ndogo. Futa! Futa bolebole, sitaki ibasuke!"

Komora ni Mpokomo, Kiswahili chake kimenyooka. Kaambiwa afute, akafuta. Alikikamua kitambaa, akakipitisha juu ya uso wa Mulki, kutoka ukingo hadi ukingo.

"USIFUTE!"

Nilipiga kelele mpaka mtu wa dukani jirani alichungulia. Komora karibu aanguke na ngazi. Kitambaa kikabaki hewani.

Na Hooyo akanigeukia, amekasirika kweli, akasema kwa Kisomali, "Una nini wewe? Nimemwambia aivute aishushe. Hakusikia. Lakini akifuta kuna ubaya gani? Baba yako alizifuta kila Ijumaa. Maji safi na kipande cha macawis yake kuukuu, ile ya kujifunga kiunoni."

"Aabo alikataza! Kila siku alisema usifute! Nilimsikia kwa masikio yangu!"

"Aliwakataza wale wahudumu wasiuvute mkono wa sindano. Wimbo ukiisha walikuwa wanauburuta juu ya sahani. Aliwaambia usifute, usifute, koo likamkauka." Akaishusha fimbo. "Baba yako hakuiweza ile herufi yenu."

Kwa Kisomali, kuvuta na kufuta hayafanani hata kidogo. Nilisikia kila neno wazi, na bado nilibaki nimesimama kama aliyepigwa kibao.

Ni mimi huyu. Mwalimu wa Kiswahili. Niliyemdhalilisha mtoto wa watu kwa ajili ya punda. Nimewaandikisha watoto V mara hamsini, na baba yangu mzazi nikamsikia kama ningemsikia mtu wa Lamu!

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Hooyo, na ilikuwa mara ya pili ndani ya siku mbili.

"Uliniuliza lini? Ulikuja na sauti yako ya darasani. Hooyo usiguse, Hooyo acha. Nikadhani umesoma mahali."

"Eee, madam," Mustafe akasema kwa sauti ya chini. "Cheki."

Alikuwa amewasha tochi yake akiilenga juu. Pale kitambaa kilipopita, kijivu kilikuwa kimeondoka. Kulikuwa na njia pana, nyeusi, inayong'aa, na mitaro yake imekaa imara kama siku ilipotoka kiwandani. Komora alikinusa kitambaa. "Kinanukia sherehe," akasema.

Nikakichukua nikakinusa. Uunsi. Miaka arobaini ya jioni, za Hooyo kisha za Faiza, moshi wa sukari na ubani umetua juu ya sahani safu kwa safu na kushika vumbi. Haikulika wala haikuzeeka. Ilikuwa imefukizwa kama bi harusi. Hata sisimizi walijua! Sisimizi walikuja mara mbili kunieleza, nikawafagia.

Komora akafungua skrubu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Sikumruhusu mtu mwingine. Tulifungua chupa ya maji ya kunywa, Hooyo akanipa ncha ya garbasaar yake, mtandio ule mwepesi wa pamba. Nikaifuta kwa kufuata mitaro, mzunguko, si kukatisha kama Komora, lebo nikiikinga kwa kidole gumba isilowe. Maji yalitoka rangi ya chai. Nikageuza upande wa pili. Nikaisimamisha ikauke yenyewe, na Liban alikuwa akizitazama nyingine ukutani, moja moja, kama mtu anayehesabu aliowazika wakiwa hai.

Mustafe akaipitishia tochi. Safari hii alizungusha mara tatu. "Nilikosea," akasema. Nami nilikuwa na kosa langu.

Akashusha sindano.

Kulikuwa na mchakacho kidogo, kama mtama ukipepetwa. Ngoma ndogo. Kisha msichana akaimba, sauti nyembamba iliyo karibu mno, ungedhani yuko nyuma ya pazia la jikoni. Na aliimba kwa Kiswahili! Mimi maisha yangu yote nilidhani ni Kisomali.

*Nifute karibu, nifute,*
*nisibaki njiani beke yangu.*

Nifute. Wazi kabisa, bila haya, tena akairudia kwenye kila kiitikio.

Hooyo alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Yule mtu wa studio alitaka Kiswahili kiuzike kila mahali," alisema bila kumwangalia yeyote. "Akamrudisha mwanzo tangu asubuhi. Sema nivute, sema nivute. Adhuhuri Mulki akamwambia, mimi nimesema. Kama hutaki, imba wewe." Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo katikati ya kicheko, na hakuyafuta.

Mimi nililia kwa sauti. Sioni sababu ya kuficha hapa.

Wimbo ukaisha. Mustafe akaunyanyua mkono wa sindano, akaurudisha mahali pake bila kuuburuta. Hooyo akamwambia arudie. Nikatafsiri.

Mustafe akajikuna shingo, akaeleza kwa heshima zote kwamba kitaalamu sahani ikishachezwa inafaa ipumzike kwanza, siku nzima hivi, kwa sababu sindano huipasha moto mitaro. Nikamtafsiria Hooyo hilo pia.

"Mwambie kijana," Hooyo akasema, "Mulki amepumzika miaka hamsini. Inatosha."

Nikamwambia. Mustafe akashusha sindano.